Nilivyoitika Abee Ndani ya Ghala la Buffalo

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na jirani, sikuyaona kwenye simu. Dada yangu Konsolata yupo hai huko Reynoldsburg, ukitaka kamuulize, atakuapia kwa Biblia. Jina langu sitakutajia, na usinione nina maringo. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini siku hizi silitoi ovyo. Na kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya wenzako, cheka sasa hivi umalize, maana mimi nikianza sipendi kukatizwa.

Ilikuwa likizo. Weee, likizo! Unajua maana yake kwa mtu anayefunga maboksi weahausi, kwenye maghala ya mizigo? Tangu nifike hapa Louisville, siku zangu za mapumziko zilikuwa za kufua nguo, kwenda kanisani, na kusinzia huko huko kanisani. Bosi aliponiambia nipumzike wiki nzima nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nikampigia Konsolata nikilia, yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo likizo! Njoo na mtoto mpite hapa kwangu, twende Buffalo. Tukatalii kama wazungu."

Kutalii! Sisi! Kambini Kasulu, tulikokulia baada ya kukimbia Burundi, sisi ndio tulikuwa tunatembelewa na kupigwa picha. Wageni walishuka kwenye magari meupe, wanatutazama, wanatupungia mikono, wanaondoka. Sasa zamu yetu imefika na sisi twende tukatazame vitu vya watu. Mwenzangu, sikulala. Nilisuka nywele, nilinunua miwani ya jua, nilikaanga samaki na ndizi za njiani kama mtu anayehama nchi.

Sasa nikueleze kuhusu mwanangu Kezia, kwa sababu kisa chote kinamhusu yeye. Ana miaka kumi na mitatu, amezaliwa hapa hapa. Ni mtoto mzuri, ana akili, lakini ana jambo moja lililokuwa linanichoma moyo: hajui kuitika. Ukimwita, anakujibu "What?" kutoka huko huko aliko, hainui hata kichwa. Nimemfundisha tangu ananyonya kwamba mtoto wa kike akiitwa anasema "Abee, mama" na anakuja. Nimesema mpaka mate yamenikauka. "What?" ni ile ile.

Na si maringo ya kizamani, nisikilize. Usiku ule tulipokimbia Burundi tulitembea porini gizani, watoto watano nyuma ya mama. Kila tukienda kidogo mama anaita jina, polepole, na mwenye jina anaitika. Kuitika ndiko kulikomwambia mama kwamba bado uko hai. Tukafika wote. Ndiyo maana kwetu, hata ungekuwa na maji mdomoni, ungeyatema uitike. Na mama hakuita mara mbili katika maisha yake yote. Mara ya kwanza aliita kwa sauti. Usipoitika, alikuja mwenyewe na mwiko.

Mama hakufika Marekani. Alifariki kambini tukiwa tunasubiri safari, Kezia hajazaliwa bado. Mimi ni kitinda mimba wake, na nitakuambia ukweli: hakuna siku ambayo sijatamani kusikia akiniita. Hata kwa kunigombeza. Ukishalijua hilo, endelea kunisikiliza.

Basi tukaondoka Louisville alfajiri, tukavuka mto, mimi nimeshika usukani, miwani yangu usoni ingawa jua halijatoka. Reynoldsburg, pembeni ya Columbus huko Ohio, tukamchukua Konsolata. Alikuwa barazani na mizigo ya kutosha harusi: unga, mawese, dagaa, na sufuria.

"Dada, sufuria ya nini? Tunalala hotelini!"

"Hoteli ya wazungu ina ugali?"

Tukaipakia sufuria. Njia nzima tuliimba mapambio, Kezia ameziba masikio kwa vile vispika vyake. Tulipoanza kuliona ziwa upande wa kushoto, likiwa kubwa kama Tanganyika, mimi na Konsolata tulipiga vigelegele ndani ya gari mpaka dereva wa lori aliyekuwa pembeni akatupigia honi. Raha tuliyoipata, jamani, hata nikiikumbuka leo, pamoja na yote yaliyofuata, ninatabasamu.

Na kuingia mjini! Buffalo si ile miji ya kwenye sinema, lakini kwangu siku ile ilikuwa zaidi ya sinema. Majengo ya mawe yaliyochongwa, meli, watu wanatembea na mbwa waliovaa nguo. Hotelini tulipewa chumba cha juu, ziwa linaonekana dirishani. Konsolata anafanya usafi hotelini huko Columbus, kwa hiyo kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua pembe za shuka. Akatikisa kichwa. Akalitandua lile godoro na kulitandika upya.

"Dada, tumekuja kupumzika."

"Nitapumzikaje juu ya kitanda kilichotandikwa hivi?"

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayekaa Kenmore, pembeni ya Buffalo, aliyesali kanisa moja na Konsolata kabla ya kuhama. Kwake ndiko tulikopanga kula usiku, na kesho yake atupeleke kwenye maporomoko ya Niagara. Lakini mchana ule Kezia alikuwa ameona kwenye simu kitu kingine. Kule mtoni, mjini, kuna maghala ya zamani ya nafaka, marefu ajabu, ya zege tupu, yaliyokuwa yakipokea ngano na mahindi kutoka melini. Sasa hayatumiki, watu wanaingizwa kuyatazama.

Konsolata alishika kiuno. "Tumetoka Ohio kuja kuona ghala? Mimi ghala nimeliona. Nimepanga foleni ya mgao wa mahindi tangu nina meno ya utoto."

Lakini mtoto alikuwa amechangamka, na mtoto wa miaka kumi na mitatu kuchangamka mbele ya wazazi ni jambo la kushukuru. Tukaenda.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoingia. Kiongozi wetu alikuwa mzee mzungu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya plastiki, mtu wa mizaha. Tulikuwa kikundi cha watu wachache, wengine wote wazungu. Ndani ni baridi, hata wakati wa joto. Unapita kwenye korido ndefu, na kila upande kuna mlango wa kuingia kwenye pipa la zege, la mviringo, limekwenda juu mpaka unaumwa shingo. Halina kitu. Hata punje moja hakuna. Nilijisikia ajabu, nisikudanganye. Sisi tulihesabiana vikombe vya mahindi, kumbe duniani kulikuwa na vyombo vikubwa namna hii vya kuyawekea.

Yule mzee akatuingiza kwenye pipa moja akasema tupige kelele, tuite majina yetu, tusikie yanavyorudi. Wazungu wakaanza. Jina linapanda, linazunguka, linashuka tena kama limeitwa na watu kumi. Watu walicheka kama watoto. Kezia alijiita, akajirekodi, akarudi koridoni kutafuta mtandao ili awatumie marafiki zake.

Konsolata naye, kwa utani wake, akajaza pumzi akaita jina langu. Jina la nyumbani, lile aliloniita mama.

Likapanda. Likazunguka. Likarudi mara nyingi, dogo, dogo zaidi, likaisha. Watu wakatulia wamsikilize mzee. Na hapo, kila kitu kikiwa kimya, likaja tena mara moja.

Haikuwa sauti ya Konsolata. Niamini. Ilikuwa sauti ya mama yangu, na ule mvuto wake wa mwisho, wa kulivuta jina kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Ningeijua sauti ile katikati ya soko.

Wewe ungefanyaje? Mimi hata sikufikiri. Mdomo wenyewe ulisema, "Abee, mama!"

Watu wakacheka, wakidhani nami ninacheza. Konsolata hakucheka. Alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

"Umeitika nini?"

"Hukusikia? Ni mama!"

"Nimesikia. Sauti usiyemwona mwenye nayo unaiitikia? Umesahau tulivyolelewa?"

Alikuwa sahihi. Kwetu, ukiitwa na mtu usiyemwona, jioni jioni kama ile, unanyamaza. Unatoka, unamtafuta anayekuita. Akiwa mtu, utamkuta. Hilo nalo alitufundisha mama. Lakini furaha niliyokuwa nayo, ungenikata kichwa nisingekumbuka. Machozi yalikuwa yananitoka na huku ninacheka. Mama ameniita! Mama amefika Marekani!

Kikundi kikaendelea mbele, Konsolata akinivuta. Nikajichomoa mkononi mwake, kidogo kidogo nikabaki nyuma. Na nilipofika mbele ya mlango mmoja upande wa kulia, nikasikia ndani yake: shwaa, shwaa, shwaa. Ule ni mlio gani? Mwanamke yeyote aliyelelewa kambini anaujua. Ni ungo. Ni mtu anapepeta mahindi.

Nikaingia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, kitenge cha kijani kiunoni, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nyuma kama alivyokifunga mama. Anapepeta. Makapi yanaruka, yanashuka polepole kwenye mwanga mdogo uliotoka juu kabisa. Mbele yake, haki ya Mungu, mahindi. Mahindi yamejaa mpaka ukutani, ya njano, yanang'aa. Woga sikuwa nao hata chembe. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyerudi kutoka shule akakuta chakula kiko tayari.

"Umefika," akasema, bila kugeuka. "Njoo unisaidie. Haya ni yetu yote. Hakuna foleni tena."

"Nimekuja, mama."

Nikasogea. Nikasogea tena. Makapi yalinitua kwenye nywele, nikayasikia yakiniwasha shingoni.

"Na mtoto yuko wapi? Sijamwona mjukuu wangu. Mwite aje."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia ninaacha kula. Nilimwita. Niligeuza kichwa kuelekea mlangoni nikaita kwa sauti yangu yote, "Keziaaa!"

Kisha kutoka huko mbali koridoni, kwa ile sauti yake ya kuchoka na dunia: "What?"

Ungo ukasimama.

"Sijamsikia akiitika," akasema yule mama. "Mwite tena."

Mwenzangu, mambo mawili yalinipata kwa pamoja. La kwanza ni hasira. Mbele ya bibi yake! Bibi ambaye hajawahi kumwona, amekuja kutoka mbali namna ile, na mtoto anajibu "What?" kama anamjibu muuza duka! Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nikasema moyoni, leo nitamfuata na kumshika sikio nimlete hapa hapa aombe msamaha. Nikageuka, nikaanza kuondoka kwa hatua za mtu mwenye hasira.

La pili lilinijia nikiwa mlangoni. Mwite tena? Mama yangu aseme mwite tena? Mama ambaye hakuita mtu mara mbili hata siku moja? Mama angenyanyuka na mwiko akamfuata mtoto mwenyewe!

Nikageuka nyuma.

Hapakuwa na mahindi. Hapakuwa na kigoda wala mtu. Palikuwa na shimo. Shimo la kushushia nafaka, katikati ya sakafu, jeusi, pana kiasi cha kummeza ng'ombe, na mnyororo umelizunguka. Alama za viatu vyangu zilionekana kwenye vumbi. Zilikuwa zimeuvuka mnyororo. Zilikuwa zimefika ukingoni pale, zimesimama, na zimegeuka.

Na kutoka chini shimoni, shwaa, shwaa, shwaa.

Sikumbuki nilivyokimbia. Ninachokumbuka ni kumkumbatia Kezia kwa nguvu mpaka simu yake ikaanguka, naye analalamika, "Mom, nini? Umenitisha!" Konsolata alikuja mbio, akanishika uso. Kisha akaanza kunitoa kitu kwenye nywele. Makapi. Makapi ya mahindi, makavu, mepesi. Akamwonyesha yule mzee kiganja chake. Mzee aliyatazama kwa muda, akavua kofia yake, akasema humu hamjaingia nafaka tangu yeye akiwa kijana. Mizaha ilimwisha. Alitutoa nje mwenyewe, na jua lilikuwa limeshazama.

Usiku ule kwa Mama Furaha, Kenmore, tulikula sombe, yaani kisamvu, na ugali wa sufuria ya Konsolata. Nikamweleza. Aliacha kula, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Bon. Uliitika?"

"Niliitika."

"Na mutoto? Yeye aliitika?"

"Alijibu kwa Kiingereza."

Akapiga makofi mara moja, akainua mikono juu. "Asante Yesu! Donc, hakuitika. Ile kitu ilikuwa inangoja sauti ya adabu. Mwache huyu mutoto na Kingereza yake. Iko inamulinda."

Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, maana mtu aliyeponea chupuchupu anacheka hata kwa kuona kijiko. Tuliomba, tukakesha tunapiga hadithi, na kesho yake tulikwenda Niagara. Usiniulize nilivyoyafurahia yale maji! Tulivaa makoti ya nailoni, tukalowa mpaka mifupa, Konsolata alipiga kelele kwenye boti kuliko watoto wote. Nilikuwa na mwanangu pembeni, mzima, mkono wake mkononi mwangu, anaona aibu kushikwa mkono mbele za watu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Na ndani ya ngurumo ya yale maji nilisikia jina langu likiitwa, mara moja, kwa mvuto ule ule. Nikauma meno. Sikuitika.

Tangu tuliporudi Louisville sauti ile imeendelea. Kazini, mikanda ya kusafirishia maboksi ikizimwa na ukimya ukiingia, ninaitwa. Nyumbani, nikiwa ninapika, ninaitwa. Sijaitika hata mara moja, na kunyamaza kule kunaniuma kuliko woga wenyewe, kwa sababu sauti ni ya mama yangu na mimi ni mtoto wake. Nyumbani kwetu tumeweka sheria: hakuna kuitana. Ukimtaka mtu, unakwenda alipo, unamgusa bega. Kanisani mchungaji akitaja jina langu ninakaa kimya mpaka nimwone uso wake, na wapo wanaosema eti Marekani imeniharibu, siku hizi ninajiona. Waseme.

Nilidhani hiyo ndiyo bei, na nilikubali kuilipa. Nilidhani inaniita mimi tu.

Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa jikoni ninasonga ugali. Niko kimya, mwiko mkononi. Nikasikia kutoka sebuleni sauti tamu, ya upole, ya adabu kabisa, sauti niliyoipigania miaka kumi na mitatu:

"Abee!"

Mwiko ulinidondoka. Sikuwa nimemwita. Nilipofika sebuleni hayupo. Nilimkuta kwenye mlango wa ngazi za kushukia chini ya nyumba, amesimama gizani, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi. Nilimshika begani nikamvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili.

"Nani amekufundisha kuitika hivyo?" nikamuuliza. "Nani, Kezia?"

Alinitazama kama mtu aliyedhani atasifiwa. "Bibi," akasema. "Amesema 'what' si adabu. Amekuwa akinifundisha, Mom. Polepole."

Ule mlango sasa umepigiliwa misumari. Kezia analala kitandani kwangu, kati yangu na ukuta. Konsolata amehamia hapa, ameacha kazi yake ya Columbus, na usiku tunapokezana zamu ya kukaa macho, kama mama alivyokaa macho njia nzima ile porini.

Basi wewe uliyenisikiliza, nenda katalii. Usiogope, dunia ni nzuri, yale maji ya Niagara nenda ukayaone. Lakini ukiingia mahali patupu, usitaje jina la mtu unayempenda. Ukisikia unaitwa, funga mdomo, toka, umtafute anayekuita mpaka umwone kwa macho, hata kama sauti ni ya yule unayemlilia kila siku. Hasa kama ni ya huyo.

Na siku ukija Louisville ukamwona binti yangu, mguse bega tu. Tafadhali, usimwite.